Kwa Nini Damu ya Mtoto Haiongezeki? Somo la Jeni, Ribosomu na Seli Mundu kwa Kamati za Sharika



Katika moja ya ziara zetu za Kang'ata, wilayani Handeni, tulikaa na kamati ya usharika kupitia taarifa ya mradi wa afya ya mama na mtoto. Tulipofika kwenye mengineyo, mama mmoja mjumbe alinyoosha mkono akasema: "Baba Mratibu, mtaani kwetu kuna mtoto anapewa dawa ya kuongeza damu tangu kabla ya masika. Anakunywa vizuri, wala hatapiki. Lakini damu haiongezeki. Sasa watu wanauliza, hiyo damu inaliwa na nani?"

Kikao kilikaa kimya. Kila aliyekuwepo alielewa maana ya swali hilo. Mama wa mtoto huyo alikwisha kuzika mtoto mwingine kabla ya huyu, na baadhi ya ndugu wa mume walikuwa wameanza kusema arudishwe kwao.

Nakiri kwamba nilijibu haraka. Nilisema labda mama hampi mtoto mboga za majani na maharage ya kutosha. Baadaye niligundua kuwa jibu langu halikumsaidia mtu. Mama aliyekuwa akinyooshewa kidole kwa uchawi, mimi nilimwongezea lawama ya uzembe. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile. Naomba lisomwe kwenye vikao vyenu.

DAMU HUTENGENEZWAJE?

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huchakaa na mwili hutengeneza nyingine. Kazi hiyo hufanyika ndani ya mifupa, kwenye uloto. Kwa mtu mzima chembe mpya kama milioni 2 hutengenezwa kila sekunde. Ndani ya kila chembe moja kuna molekuli za himoglobini kama milioni 270. Himoglobini ni aina ya protini. Ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu na ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda mwili mzima.

Ili tuelewe namna himoglobini inavyotengenezwa, tumfikirie fundi cherehani aliyepewa kazi ya kushona sare za kwaya. Fundi huyo anahitaji vitu vitatu. Anahitaji daftari lenye vipimo, anahitaji kitambaa, na anahitaji cherehani nzima.

Katika mwili, daftari ni jeni. Jeni ni maagizo tuliyorithi, yaliyoandikwa kwenye DNA ndani ya kiini cha seli. Daftari lenyewe halitoki ofisini. Nakala ya ukurasa unaohitajika ndiyo inayotolewa na kupelekwa kwa fundi.

Kitambaa ni malighafi inayotokana na chakula, yaani protini tunazokula, madini ya chuma na vitamini.

Cherehani ni ribosomu. Hiki ni kifaa kidogo mno kilichomo ndani ya seli, nacho husoma nakala ya maagizo na kuunganisha vipande vya protini kimoja baada ya kingine hadi himoglobini ikamilike. Seli moja huwa na ribosomu nyingi sana. Na kama cherehani ilivyo na vipuri, kila ribosomu ya binadamu imeundwa kwa protini 80 hivi, na kila kipuri kina jeni yake inayoagiza namna ya kukitengeneza.

Kwa hiyo tukiambiwa mtoto hana damu ya kutosha, swali la kwanza liwe hili: tatizo liko kwenye kitambaa, kwenye cherehani au kwenye daftari? Dawa ya moja si dawa ya lingine.

TATIZO LIKIWA KWENYE KITAMBAA

Hili ndilo tunalolifahamu zaidi. Mtoto asipopata chakula chenye madini ya chuma, au minyoo ya safura ikimnyonya damu tumboni, malighafi hupungua. Cherehani ni nzima na daftari ni sahihi, ila hakuna cha kushona. Mtoto wa namna hii akipewa dawa ya minyoo, dawa ya kuongeza damu na chakula bora, hupata nafuu.

Malaria nayo hupunguza damu, lakini kwa njia nyingine. Vimelea huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Ni kama sare zilizokwisha kushonwa zikachanwa kabla hazijavaliwa. Hapo dawa ya malaria ndiyo inayotangulia.

Kwa kuwa haya ndiyo matatizo ya kila siku katika vijiji vyetu, tumezoea kudhani kwamba kila upungufu wa damu ni wa aina hii. Hapo ndipo tunapokosea.

TATIZO LIKIWA KWENYE CHEREHANI

Wapo watoto wachache sana duniani ambao cherehani yao ndiyo yenye hitilafu. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Louis Diamond na Kenneth Blackfan, walieleza habari za watoto wachanga ambao uloto wao ulishindwa kutengeneza chembe nyekundu. Ugonjwa huo ukaitwa kwa majina yao. Kwa miaka mingi chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 1999 watafiti waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni iitwayo RPS19, ambayo huagiza kimojawapo cha vipuri vya ribosomu. Jeni hiyo peke yake ndiyo chanzo kwa robo hivi ya wagonjwa. Baadaye jeni nyingine nyingi za vipuri vya ribosomu zilikutwa na kasoro za namna hiyo hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kila seli ya mwili ina ribosomu, kwa nini damu ndiyo inayoathirika zaidi? Sehemu ya jibu ni wingi wa kazi. Fundi anayeshona gauni moja kwa wiki anaweza kuvumilia cherehani inayokwama. Fundi mwenye oda ya kwaya nzima itakayoimba Jumapili hawezi. Uloto ndio wenye oda kubwa, kwa hiyo ndio unaokwama mapema.

Ugonjwa huu ni adimu, wastani wa watoto 5 hadi 7 katika kila watoto milioni moja wanaozaliwa. Huenda mjumbe wa kamati asikutane nao maisha yake yote. Nimeutaja kwa sababu unatufundisha jambo moja wazi. Mtoto anaweza kula vizuri, akatunzwa vizuri, na bado akakosa damu kwa sababu ya herufi chache za jeni ambazo hakuna aliyezichagua.

TATIZO LIKIWA KWENYE DAFTARI

Hapa ndipo penye uzito kwa watu wa Handeni, Korogwe na Tanzania kwa jumla. Ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita sikoseli, unatokana na kosa la herufi moja tu kwenye ukurasa unaoagiza himoglobini. Sehemu inayohusika ya protini hiyo ina vipande 146. Kutokana na herufi hiyo moja, kipande cha sita huwekwa kisichostahili. Ribosomu haina kosa. Inasoma ilichoandikiwa na kukishona kwa uaminifu. Lakini vipimo vikiwa vimekosewa daftarini, sare zote zitatoka zimekosewa, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani.

Himoglobini hiyo, ikishaachia oksijeni, hugandamana na kuikunja chembe nyekundu hadi ifanane na mundu wa kuvunia mpunga. Chembe ya kawaida ni laini na hupenya kwenye mishipa midogo. Chembe yenye umbo la mundu ni ngumu, hukwama na kuziba njia. Ndiyo sababu mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, vidole vya mikono na miguu huvimba, na kifua hubana. Tena chembe hizo hupasuka mapema. Badala ya siku 120 huishi siku 10 hadi 20 tu. Uloto hujitahidi kutengeneza nyingine lakini haufui dafu. Damu inapungua, na macho yanakuwa ya manjano.

Sasa tunaweza kumjibu yule mama wa Kang'ata. Damu ya mtoto hailiwi na mtu yeyote. Inapasuka yenyewe kwa sababu ya umbo lake. Dawa ya madini ya chuma haiwezi kusahihisha daftari. Kumwongezea kitambaa fundi mwenye vipimo vibaya ni kumwongezea sare mbaya. Tena mtoto mwenye seli mundu hapaswi kupewa dawa ya madini ya chuma bila ushauri wa daktari, hasa kama amewahi kuongezewa damu mara nyingi, kwa maana chuma kikizidi mwilini huleta madhara.

Kwa kawaida dalili hazionekani mtoto anapozaliwa. Katika miezi ya kwanza mtoto bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo inatokana na ukurasa mwingine wa daftari usio na kosa. Himoglobini hiyo hupungua kidogo kidogo, na baada ya miezi sita hivi matatizo huanza. Ndiyo maana watu husema, "Mtoto alizaliwa mzima, kisha akaharibiwa." Hakuharibiwa na mtu. Alizaliwa na jeni hizo.

KWA NINI JENI HII IKO KWETU?

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949. Aliona kwamba watu wenye jeni moja ya seli mundu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo ya jambo hilo: mtu aliyerithi jeni moja tu ya seli mundu hapati ugonjwa huo, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Pwani ya Kenya, na kutolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba jeni hiyo moja hupunguza malaria kali kwa asilimia 90 hivi.

Kwa hiyo jeni hii imedumu mahali ambapo mbu na malaria vimetawala kwa vizazi vingi. Mabonde ya Handeni na Korogwe ni mahali pa namna hiyo. Si laana ya ukoo wala ya kabila fulani. Ni alama ya vita ambayo babu zetu walipigana na malaria bila kujua.

Hata hivyo naomba tusichanganye mambo mawili. Kinga hiyo ni ya mwenye jeni moja. Mtoto mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa wa seli mundu, akipata malaria yuko katika hatari kubwa ya kufa.

BABA NA MAMA, WOTE WAWILI

Kila mtu ana nakala mbili za daftari, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye kosa kwenye nakala moja ni mzima, kwa sababu nakala ya pili humtosha. Ugonjwa huja pale mtoto anaporithi kosa hilo pande zote mbili.

Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, basi katika kila mimba uwezekano uko hivi:

(a) robo, mtoto atakuwa hana jeni ya seli mundu kabisa;
(b) nusu, mtoto atakuwa na jeni moja kama wazazi wake, naye atakuwa mzima;
(c) robo, mtoto atakuwa na jeni mbili na ataugua.

Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Wazazi wanaweza kupata watoto wanne wazima, au wagonjwa wawili mfululizo. Wanaosema "ukoo wa mke ndio wenye matatizo" wanasema jambo lisilowezekana. Ugonjwa huu hauwezi kuja kwa mama peke yake. Kila mtoto mwenye jeni mbili za seli mundu amepokea moja kutoka kwa baba.

MATIBABU YAPO

Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wenye seli mundu kati ya 11,000 na 14,000 kila mwaka, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zile zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Hospitali ya Taifa Muhimbili, pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ilianzisha mwaka 2004 mpango mkubwa wa kufuatilia wagonjwa hawa, ukiongozwa na Profesa Julie Makani. Mwaka 2015 na 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa Dar es Salaam. Waliokutwa na ugonjwa walikuwa 31, na mtoto mmoja kati ya kila wanane hivi alikuwa na jeni moja.

Mtoto akijulikana mapema, mambo ya kufanya yapo, na mengi si ya gharama kubwa:

1. Penisilini ya kunywa mara mbili kila siku hadi umri wa miaka mitano. Ugonjwa huu huharibu bandama mapema, na bandama ndiyo mlinzi dhidi ya baadhi ya vijidudu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1986 ulionyesha kuwa penisilini ilipunguza maambukizi hayo makali kwa asilimia 84.
2. Chanjo zote kwa wakati. Chanjo dhidi ya vijidudu vya nimonia iliingizwa katika mpango wa taifa mwaka 2013.
3. Chandarua chenye dawa kila usiku, na dawa ya kukinga malaria kama daktari atakavyoelekeza.
4. Vidonge vya foliki asidi, maji mengi ya kunywa, na kumkinga mtoto na baridi.
5. Haidroksiyurea. Dawa hii huufanya mwili urudie kutengeneza ile himoglobini ya tumboni. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa watoto waliotumia dawa hii walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Dawa hii hutolewa na kufuatiliwa na daktari.

Yapo pia matibabu ya kupandikiza uloto, ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuyatoa kwa watoto wenye seli mundu mwaka 2023. Hayo bado ni ya wachache. Penisilini na chandarua vinaweza kuwa vya wote.

KAMATI YA USHARIKA IFANYE NINI?

Kwanza, mtoto ambaye damu yake haiongezeki, au anayevimba vidole, au mwenye macho ya manjano na maumivu ya mara kwa mara, apelekwe kupimwa seli mundu. Mwandikieni mama barua ya usharika, na mtu wa kamati amsindikize. Nauli ndiyo inayowakwamisha wengi. Mfuko wa diakonia unaweza kuanzia hapo.

Pili, wazee wa kanisa wajue dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri kupambazuke: homa kali, mtoto kuwa mweupe ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida, au kukosa nguvu upande mmoja wa mwili.

Tatu, katika mafundisho ya ndoa vijana waelezwe habari za kipimo hiki. Kanisa halizuii ndoa kwa sababu ya jeni. Lakini wanaojua mapema hujiandaa, na mtoto wao hupimwa mapema.

Nne, majibu ya kipimo ni siri ya familia. Yasitangazwe kwenye kikao wala kuwa habari za kisimani.

Tano, tuwaombee wagonjwa, tena tuwaombee wakiwa wanaendelea na dawa. Mtu yeyote anayemwambia mama aache dawa ili kuonyesha imani, kamati imwonye.

Kwa wafadhili wetu tunasema asanteni. Tunapowaomba msaada wa nauli, penisilini na vyandarua, tafadhali msione kuwa ni vitu vidogo. Kwa mtoto mwenye seli mundu, vitu hivyo ndivyo vinavyompa nafasi ya kufika darasa la kwanza.

HITIMISHO

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa lawama zote mbili, kisha akamhudumia yule mtu. Nadhani utaratibu huo unatufaa: tuache kutafuta mkosaji, tumhudumie mtoto.

Mtoto yule wa Kang'ata alipelekwa kupimwa, na majibu yakawa seli mundu. Kwa ruhusa ya wazazi tunaandika haya bila majina. Baba yake naye alikubali kupimwa, akakutwa na jeni moja. Aliporudi aliwaita ndugu zake nyumbani, akawaambia kwamba kama kuna mtu wa kurudishwa kwao, basi waanze na yeye, kwa maana nusu ya ugonjwa ilitoka kwake. Hakuna aliyejibu. Mama yule yuko nyumbani kwake, na mtoto anaendelea na dawa.

Mimi nami nilirudi Kang'ata nikamwomba radhi mama yule kwa lile jibu langu la mboga za majani. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kliniki inayofuata ni lini.

Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi